Makato ya ATM ugenini: ada unayoiona na cha juu usichokiona

Chumba cha ATM kule Chennai, karibu na Barabara ya Greams ambako hospitali kubwa hupokea wagonjwa kutoka kwetu, kilikuwa na upana wa hatua tatu, kiyoyozi kikali na mlinzi aliyesinzia kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa nimempeleka shangazi kutibiwa moyo. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilitaka taslimu, duka la dawa lilipokea kadi leo na kuikataa kesho, na dereva wa bajaji hakutaka kusikia habari za kadi kabisa. Nikachomeka kadi yangu ya benki ya nyumbani, nikaomba rupia 10,000, kwa kuwa mashine ile haikutoa zaidi ya hapo kwa mara moja. Zikatoka noti ishirini za mia tano tano.

Simu ikalia mara mbili kabla sijaufikia mlango. Meseji ya kwanza ilisema zimetoka shilingi 318,240. Ya pili, 11,800. Jumla 330,040. Asubuhi ile nilikuwa nimeangalia kwenye simu nikakuta rupia moja inakwenda kwa karibu shilingi 30, maana yake zile noti ishirini zilikuwa na thamani ya laki tatu. Shangazi ameuza khanga Kariakoo kwa zaidi ya miaka thelathini, na hesabu haandiki. Aliuliza swali moja tu: "Hizo elfu thelathini kala nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike bila kikokotoo.

Waliokula ni wanne

Wa kwanza ni mwenye mashine. Kabla noti hazijatoka, skrini iliniambia kuna ada ya rupia 200 na kuniuliza kama nakubali. Nilibonyeza "ndiyo" kama kila mtu anavyobonyeza akiwa na foleni nyuma yake. Rupia 200 ni shilingi 6,000. Hizo hazikwenda kwa benki yangu, zilikwenda kwa benki ya kule yenye chumba, kiyoyozi na mlinzi. Unaweza kuzikasirikia, lakini angalau zilijitambulisha.

Wa pili ndiye mgumu: ni benki yangu, kimyakimya. Benki yangu haikutozwa rupia 10,000 bali 10,200, pamoja na ile ada. Kwa shilingi 30 kila rupia, hiyo ni 306,000. Mimi nilikatwa 318,240. Kuna 12,240 katikati ambazo hazikuandikwa popote, si kwenye skrini wala kwenye meseji. Zilijificha ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha: badala ya 30 nilibadilishiwa kwa 31.20. Sokoni tuna jina zuri la kitu hiki. Ukimtuma mtu dukani akanunue cha elfu kumi, akakuambia kilikuwa elfu kumi na mia nne, ile mia nne inaitwa cha juu.

Wa tatu ni benki yangu tena, safari hii kwa uwazi: ada ya kutoa pesa nje ya nchi, shilingi 10,000. Imeandikwa kwenye mwongozo wa tozo uliobandikwa ukutani tawini, na mtu akiuliza anaonyeshwa. Wa nne ni serikali, kwa kuwa tangu Julai 2016 ada za benki Tanzania zinatozwa VAT ya asilimia 18, nayo juu ya elfu kumi ni 1,800.

Zijumlishe: 6,000, 12,240, 10,000 na 1,800. Unapata 30,040. Sasa ona kilicho cha ajabu. Kati ya makato manne, kubwa kuliko yote ni lile ambalo halina jina. Ningemlalamikia meneja wa tawi kuhusu elfu kumi, naye angenionyesha karatasi ukutani, tungebishana, pengine tungeafikiana. Lakini nani angenionyesha elfu kumi na mbili?

Tuitendee haki benki: si cha juu chote kinachobaki kwake. Mitandao ya kadi, yaani Visa, Mastercard, UnionPay na wenzao, nayo hudai chake kila kadi inapovuka mpaka. Kisha kuna safari yenyewe ya fedha. Shilingi na rupia hazijuani moja kwa moja. Mara nyingi rupia hugeuzwa kwanza kuwa dola kwa kiwango cha siku kinachopangwa na mtandao, kisha dola hugeuzwa kuwa shilingi, na kila kituo kina ushuru wake. Anayeenda Dubai au Muscat anaweza kuliona hili vizuri zaidi, kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, na riali ya Omani nayo imefungwa kwenye dola. Nusu ya kwanza ya safari haichezi hata siku moja. Kwa hiyo ukitoa dirhamu ukaona kiwango kimechechemea, ujue kimechechemea kati ya dola na shilingi, na huko ndiko iliko benki yako.

Gharama halisi ni ipi?

Watu wengi hudhani kutoa pesa ATM na kulipa dukani kwa kadi ni jambo moja. Kwa mteja yanafanana. Kwa benki, fedha inatembea kinyume.

Ukilipa dukani, benki ya mwenye duka ndiyo inayoilipa benki yako kiasi kidogo kwa kila malipo. Benki yako inapata. Ndiyo maana benki zinakuhimiza uchanje kadi, na hata kukupa zawadi. Lakini ukienda ATM ya benki nyingine, benki yako ndiyo inayomlipa mwenye mashine, kwa kuwa yeye ndiye aliyenunua mashine, akaijaza noti, akaweka mlinzi na kamera. Kwa hiyo mwenye mashine hulipwa na benki yako kwa nyuma, na wewe tena unaweza kuwa umemlipa kwa mbele kupitia ile ada ya skrini. Mtu mmoja, mifuko miwili.

Kwa hiyo benki inaposema kwamba kutoa pesa nje kunaigharimu, haisemi uongo. Swali ni namna gani gharama hiyo inavyokua. Mashine haichoki zaidi ikihesabu noti ishirini kuliko ikihesabu nne. Ujumbe unaotoka Chennai kwenda Dar es Salaam kuuliza kama nina salio una uzito ule ule, niwe nimeomba rupia 2,000 au 10,000. Sehemu kubwa ya gharama ya kutoa pesa ni ya kila safari, si ya kila shilingi. Kinachokua pamoja na kiasi ni hatari ya fedha kupanda na kushuka na kile kinachodaiwa na mtandao kwa asilimia. Hatari ya kuibiwa ipo pia, maana kadi inayotumika ugenini huvutia wezi, ingawa chipu imepunguza sana wizi wa kunakili kadi.

Kutokana na hapo mtu angesema basi ada iwe ya papo, isiyopanda na kiasi. Kimantiki ni sawa. Kwa mnyonge ni kisu. Tuseme shangazi hakuhitaji 10,000 bali 2,000 za dawa, yaani shilingi 60,000. Mwenye mashine angechukua 6,000 zake zile zile. Cha juu cha asilimia nne juu ya 66,000 kingekuwa 2,640. Ada ya benki na VAT, 11,800. Jumla 20,440, zaidi ya theluthi ya pesa aliyoifuata. Mfanyabiashara anayetoa nyingi kwa mkupuo haumii. Mgonjwa anayeogopa kutembea na burungutu ndiye anayelipia.

Ukigeuza, ukasema asilimia tupu, mdogo anapona lakini mkubwa anatozwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Msimamo wangu ni kwamba kila gharama ilipiwe kwa umbo lake: ada ndogo ya papo inayolingana na kile benki inachomlipa mwenye mashine, na asilimia ndogo, iliyotajwa, kwa ajili ya kubadilisha fedha peke yake. Mfumo wa sasa una vyote viwili, ila ada ni nene na asilimia imefichwa. Na kuna jingine la kufuta kabisa: zipo benki zinazokukata kwa kuuliza salio ukiwa nje, na nyingine zinakukata hata mashine inapokataa kukupa pesa. Kumkata mtu aliyeondoka mikono mitupu ni jambo ambalo hata mpiga debe hathubutu.

Ulaya walivyoanza kwa hasira

Tarehe 1 Januari 2002 nchi kumi na mbili za Ulaya ziliamka zikiwa na noti za euro mfukoni. Mbelgiji aliyevuka kwenda Ufaransa hakuwa na haja tena ya duka la kubadilisha fedha. Lakini akichomeka kadi upande wa pili wa mpaka, benki yake ilimkata kana kwamba amesafiri kwenda Japani. Euro ile ile, noti zile zile, makato ya ugenini. Kutuma fedha ilikuwa balaa zaidi: uchunguzi wa Tume ya Ulaya ulionyesha kwamba kutuma euro 100 kwenda nchi nyingine kuligharimu wastani wa karibu euro 17.

Benki zilikuwa zimeahidi kurekebisha zenyewe, miaka ikapita. Desemba 2001 ikapitishwa Kanuni namba 2560, yenye wazo jepesi mno: benki itakachomtoza mteja kwa malipo ya euro yanayovuka mpaka kiwe sawa na inachomtoza kwa malipo ya namna hiyo hiyo ndani ya nchi. Kwa kadi na ATM ilianza kazi tarehe 1 Julai 2002. Sweden, ambayo haitumii euro, iliomba yenyewe krona yake iingizwe.

Angalia ujanja wa sheria ile. Haikupanga bei wala kusema iwe bure. Kama benki yako inakukata kwa kutumia ATM ya benki nyingine mtaani kwenu, iliruhusiwa kukukata vivyo hivyo Madrid. Ilichofanya ni kuifunga bei ya ugenini kwenye bei ya nyumbani, ambayo wateja wanaijua, wanaizungumzia na wanaihama benki kwa ajili yake. Benki zililia kwamba bei ya nyumbani itapanda. Zilipotulia, zikaona njia rahisi ni kujenga mifumo ya pamoja ili kuvuka mpaka kusiwe na gharama ya pekee. Mwaka ule ule wa 2002 ziliunda baraza lao la malipo, na Januari 2008 uhamisho wa euro wa mfumo mmoja ukaanza. Mara nyingi tunaambiwa tujenge mifumo kwanza, bei zitashuka zenyewe. Ulaya bei ilishushwa kwanza kwa amri, mifumo ikafuata mbio.

Mianya ilibaki. Sheria iliibana benki iliyokupa kadi, kwa hiyo wenye mashine wakaanza kujitafutia. Ujerumani, tangu Januari 2011, ada ya ATM ya benki nyingine imekuwa ikitozwa moja kwa moja na mwenye mashine na kuonyeshwa kwenye skrini. Na usawa wa ada haukugusa kubadilisha fedha: Mpolandi anayetoa euro Berlin bado zloti zake lazima zibadilishwe, na hapo cha juu kilikuwa kimejilalia bila kuguswa.

Cha juu kilikuja kuguswa na Kanuni namba 518 ya 2019. Tangu Aprili 2020, anayebadilisha fedha kwa kadi ndani ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutaja nyongeza yake kwa asilimia juu ya kiwango rejea kinachotangazwa na Benki Kuu ya Ulaya. Tangu Aprili 2021, ukitoa pesa ATM kwa sarafu nyingine ya Umoja, benki yako inatakiwa kukutumia ujumbe wenye asilimia hiyo, angalau mara moja kila mwezi unaofanya hivyo. Hawakupangiwa asilimia ngapi. Walilazimishwa kutumia fimbo moja ya kupimia, na hiyo ndiyo nusu ya kazi. Kabla ya hapo benki iliweza kusema haina makato ya kubadilisha fedha, huku ikitumia kiwango chake yenyewe.

Swali la upole kwenye skrini

Kuna mtego ambao si wa benki yako kabisa, na inafaa kuujua kwa sababu lawama huiangukia benki yako. Mashine nyingi kwenye viwanja vya ndege na miji ya watalii, baada ya kuisoma kadi na kutambua imetoka wapi, hukuuliza: ungependa ukatwe kwa fedha ya nchini kwako? Hukuonyesha jumla kwa shilingi, safi kabisa, na kitufe kikubwa cha kukubali. Cha kukataa huwa pembeni, kwa maandishi ambayo yanafanya kukataa kuonekane kama kughairi muamala wote.

Ukikubali, anayekubadilishia fedha ni mwenye mashine, kwa kiwango chake mwenyewe, na cha juu chake huwa kinene kuliko cha benki yako. Halafu benki yako bado inaweza kukukata ada yake ya kutoa pesa nje. Ukikataa, muamala haufi; unaendelea kwa sarafu ya nchi uliyopo. Chagua sarafu ya pale ulipo, kila mara, hata kama inakutisha kwa kuwa huijui. Benki inayomjali mteja ingemtumia meseji ya sentensi moja kuhusu jambo hili siku kadi yake inapotumika nje kwa mara ya kwanza. Meseji za kuniuzia bima huwa zinanifikia bila shida.

Walioulizwa wakajibu

Mwaka 2017 benki changa ya London iitwayo Monzo, ambayo watu waliipenda hasa kwa kutokukata chochote kwa kadi ugenini, iligundua kwamba matumizi ya ATM nje yanaielemea. Ingeweza kuongeza cha juu kimyakimya. Badala yake iliwaeleza wateja gharama inavyokuja na kuwaomba wachague namna ya kutozwa. Likachaguliwa hili: pauni 200 za kwanza kila siku 30 bila makato, kinachozidi kikatwe asilimia 3. Mimi asilimia 3 naiona kubwa. Lakini mpangilio ule unamlinda anayetoa kidogo, yule yule anayechinjwa na ada ya papo, na kila mteja alijua anachokatwa na kwa nini.

Kinyume chake kiliwahi kufika mahakamani. Nchini Marekani, Visa, Mastercard na benki kadhaa kubwa zilishtakiwa kwa madai ya kupanga na kuficha ada za kubadilisha fedha kwenye matumizi ya kadi nje ya nchi. Mwaka 2006 zilikubali kulipa dola milioni 336 kumaliza kesi. Madai hayakuwa kwamba ada ipo, bali kwamba ilipangwa kwa pamoja na kufichwa ndani ya kiwango.

Lazima pia niseme la upande wa pili, maana ukisoma tu wanaolalamika utadhani benki zinaweza kushusha kila kitu kesho. Unapotoa rupia Chennai, benki yako inatakiwa kulipa kwa dola. Isipokuwa nazo, huduma inakufa. Mwaka 2022 benki za Nigeria ziliposhikwa na uhaba wa dola, wengi wa wenye kadi za naira walibanwa hadi dola 20 kwa mwezi kwa matumizi ya nje, na baadaye benki kadhaa zikazima kabisa. Ukilazimisha kiwango cha uongo, kadi inageuka kipande cha plastiki. Kwa hiyo siombi benki ibadilishe fedha kwa hasara. Naomba iseme inabadilisha kwa ngapi.

Namanga, mita mia chache

Mfano unaonikera zaidi hauko India. Simama Namanga upande wa Tanzania, vuka kwa miguu hadi upande wa Kenya, chomeka kadi ya Tanzania kwenye ATM ya huko. Umbali ni wa kumaliza hindi la kuchoma. Kwa mitambo ya kadi, umekwenda ng'ambo kama aliyekwenda Tokyo. Shilingi ya Kenya inapandishwa hadi dola, dola inashushwa hadi shilingi ya Tanzania, na kila ngazi ina mkono ulionyooshwa. Nje ya benki vijana wenye maburungutu wanabadilisha shilingi kwa shilingi, moja kwa moja, wanakutajia bei kabla hujatoa pesa mfukoni. Unaweza kuwabishia. Unaweza kwenda kwa mwenzake. Ni aibu kwa benki kwamba kijana wa mpakani anaishinda kwa uwazi.

Tuna mifano yetu ya kuiga. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha bei za kupiga simu kati yao, na kuvuka mpaka na laini yako kukaacha kuwa anasa. Tangu 2015 mteja wa M-Pesa wa Kenya na wa Vodacom Tanzania wanaweza kutumiana. Benki kuu za ukanda huu zimeunganisha mifumo yao ya malipo makubwa kwa zaidi ya miaka kumi, ili benki zilipane kwa sarafu za hapa hapa. Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013 ikilenga 2024. Mwaka huo umepita na noti bado ni zile zile. Lakini kusawazisha ada ya ATM hakuhitaji sarafu moja. Sweden haikuwa nayo.

Na kwa makundi ya benki yenye matawi nchi kadhaa za ukanda, udhuru ni mwembamba zaidi. Kadi ya benki hiyo kwenye mashine ya dada yake ng'ambo ya mpaka haina mgeni wa kulipwa. Fedha imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Kuanzia hapo, ada ya kutoa pesa ingeweza kuwa ya nyumbani bila kumsubiri waziri yeyote.

Wasimamizi nao wana pa kushika. Kenya ina kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinachotaka benki ipate kibali kabla ya kupandisha ada. Lakini ukiibana ada na kukiacha kiwango cha kubadilishia fedha huru na gizani, unaiachia benki kishawishi cha kuhamishia kwenye kiwango kile ilichonyimwa kwenye ada. Benki kuu zetu hutangaza viwango vya fedha za kigeni kila siku. Fimbo ya kupimia ipo, imewekwa wazi mtandaoni. Ni kuamuru tu kila cha juu kipimwe kwayo na kitajwe kwa asilimia, ndani ya meseji ile ile inayotangaza salio.

Tuliporudi Dar niliandika kwenye karatasi namna ambavyo meseji ile ingetakiwa kusomeka, nikamwekea shangazi mezani karibu na dawa zake:

"Umetoa rupia 10,000, Chennai. Ada ya mwenye mashine: rupia 200. Kiwango: 30.60, yaani asilimia 2 juu ya kiwango cha leo cha Benki Kuu. Umekatwa 312,120. Ada yetu 5,000, VAT 900. Jumla 318,020."

Akavaa miwani, akaisoma polepole mpaka mwisho, midomo ikicheza. Kisha akaweka kidole kwenye ile elfu tano.

"Hii nayo," akasema, "wapunguze."